MKONO UUMAO NA UNYAYO USIOHISI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akaviunganisha viungo vyake kwa hekima. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumekuwa tukiletewa masuala ya wagonjwa wa namna moja: watu waumwao na mikono na viungo, na juu ya hayo wana ganzi au moto katika nyayo na vidole. Mmoja ameuliza kama sala yake yasihi naye hawezi kusujudu. Wa pili ametaka kujua kama yamfaa kuvaa hirizi aliyopewa. Wa tatu, naye ni mama wa nyumbani, hakuuliza hukumu yoyote. Alitwambia tu kwamba nyumbani kwake hapana amsadikiye kuwa aumwa. Tumeyatazama masuala haya matatu tukaona mzizi wake ni mmoja, nao ni kutokujua. Kwa hivyo tumependa kuyajibu pamoja, kwa kadiri ya ilimu tuliyopewa, na kwa yale tuliyojifunza kwa matabibu.

Imam Muslim ametoa Hadithi aliyoipokea Bibi Aisha (R.A.), kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360. Na katika Hadithi nyingine Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila siku lichomozapo jua kila kiungo kina sadaka juu yake. Sadaka hiyo si fedha tu. Tasbihi ni sadaka, neno jema ni sadaka, kuondoa njiani chenye kuudhi ni sadaka, na kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake ni sadaka; na rakaa mbili za Dhuha zatosheleza yote hayo. Sisi tulio wazima twaisoma Hadithi hii tukadhani ni habari ya thawabu peke yake. Mwenye kuumwa na bega ndiye ajuaye kwamba ni habari ya neema pia. Yeye akivaa kanzu hana budi aanze kwa mkono mbovu. Akitaka kufungua chupa humwita mtoto. Akitaka kufikia kitabu kilicho juu ya rafu hukitazama, kisha akakiacha. Huyo amekwisha kujua kiungo kimoja kina thamani gani.

Yataka kwanza tuyafahamu maradhi haya, kwani kuhukumu jambo kabla ya kulijua ni dhuluma. Mwenyezi Mungu amejaalia mwilini mishipa ya damu, na amejaalia mishipa mingine iliyo kama nyuzi, ambayo huitwa mishipa ya fahamu. Hiyo hutoka katika ubongo na uti wa mgongo, ikaenea mpaka ncha za vidole. Baadhi yake hupeleka amri, mkono ukainuka na mguu ukatembea. Baadhi yake hurudisha habari: habari ya moto na baridi, ya mwiba na pamba. Mishipa hii ikiharibika, habari nazo huharibika. Huenda ikaja habari ya moto hali moto haupo, mtu akawa amelala kitandani usiku na nyayo zake zawaka kana kwamba amekanyaga makaa. Na huenda habari isije kabisa, mtu akakanyaga msumari asijue mpaka aone damu sakafuni. Mara nyingi maradhi haya huanza katika vidole vya miguu yote miwili, yakapanda kidogo kidogo. Na yakaribiapo magoti, ndipo vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi. Usiku ndipo yazidipo.

Ama viungo, navyo vina maradhi yake: baridi yabisi, jongo, na kulika kwa viungo kwa ajili ya umri na kazi. Lakini mara nyingi maradhi ya viungo na maradhi ya mishipa ya fahamu hukaa katika mwili mmoja, na chanzo kikubwa cha kukutana kwao ni maradhi ya sukari. Mwenye sukari ni mwepesi kuliko wengine kupatwa na bega lililoganda, mkono usipande juu wala kwenda nyuma. Na mshipa wa fahamu upitao katika kifundo cha mkono hubanwa kwa wepesi zaidi, vidole vikafa ganzi na kikombe kikamponyoka. Ndipo utamwona mtu mmoja ana bega lipigalo kelele na unyayo ulionyamaza, naye asijue amwambie nini tabibu, kwani maneno yake yaonekana kupingana.

Nasi twasema: ulionyamaza ndio wa kuogopwa zaidi. Maumivu ni mlinzi wa nyumba. Ni kweli anaudhi kwa makelele, lakini mlinzi akilala ndipo mwizi aingiapo. Fundi wa kofia hujidunga sindano asihisi. Mpishi hushika sufuria ya moto, na kabla hajaiweka chini kiganja kimekwisha kutoka malengelenge. Mvuvi hukatwa mguu na kombe la chaza asubuhi, akakaa na jeraha lenye mchanga mpaka jioni. Kidonda kidogo kisichouma hakitibiwi, na kisichotibiwa huwa donda, na donda huufikia mfupa. Miguu mingi inayokatwa hospitalini kwa sababu ya sukari ilianza kwa jeraha dogo kama hilo.

Matabibu wasema takriban nusu ya wenye maradhi ya sukari hupatwa na udhaifu huu wa mishipa ya fahamu katika umri wao. Lakini sukari si sababu pekee. Upungufu wa vitamini B12 ni sababu, na dawa ya metfomini, ambayo wengi wetu wenye sukari huitumia, ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kuipunguza vitamini hiyo. Isoniazidi, ambayo ni dawa ya kifua kikuu, yaweza kudhuru mishipa hii, na kwa hivyo hospitali huwapa wagonjwa vitamini B6 pamoja nayo. Kadhalika maradhi ya figo, virusi vya ukimwi, na baadhi ya dawa za saratani. Ulevi nao ni sababu, na hilo ni katika madhara ya kitu alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Lakini yeyote asimdhanie vibaya mwenye ganzi, kwani dhana mbaya nayo imeharamishwa.

Na uko ukoma. Wazee wetu walikuwa wakiona vidole vya mwenye ukoma vikipotea, wakasema maradhi yamla, na wengine wakasema ni laana. Mwaka 1873 tabibu Armauer Hansen wa Norwei aliviona vijidudu vya ukoma, na baadaye ikafahamika kwamba vijidudu hivyo huishambulia mishipa ya fahamu. Mkono usiohisi huungua na kukatwa kila siku, na vidole huisha kwa majeraha hayo. Basi haikuwa laana, ilikuwa ni ganzi. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza ukoma utibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na mwenye kuzitumia hupona. Tazameni basi, ndugu zetu, ni watu wangapi waliotengwa na jamaa zao kwa sababu ya kutokujua tu.

Tukirejea katika miji yetu, twaona makosa matatu yafanywayo juu ya wagonjwa hawa.

Kosa la kwanza ni la wale wasemao kwamba kila moto wa nyayo na kila mkono mzito ni pepo, au kijicho, au kitu kilichozikwa mlangoni. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Tunachokanusha ni biashara iliyojengwa juu ya jina lao. Mgonjwa hupelekwa kupungwa, akafungwa hirizi mkononi na pete ya shaba kidoleni, na wakati wote huo sukari katika damu yake haijapimwa hata mara moja. Na ajabu ni kwamba jambo hili la mkono uumao limetajwa khasa katika Hadithi. Imran bin Husayn (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu amevaa duara ya shaba mkononi. Akamuuliza ni ya nini, naye akajibu kuwa ni kwa ajili ya wahina, yaani maradhi ya mkono. Mtume akamwamrisha aivue, akamwambia kuwa haitamzidishia ila udhaifu. Hadithi hii imetolewa na Imam Ahmad na Ibn Majah. Wanavyuoni wameisemea isnadi yake, lakini maana yake yaungwa mkono na Hadithi nyingine zikatazazo kutundika hirizi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, wala hatulikatazi. Tunalolikataza ni kumtoza fedha za dawa kwa kitu kisichokuwa dawa, na kumchelewesha mpaka mguu wake uoze.

Kosa la pili ni la wale wajitibuo kwa kubahatisha. Wako wanunuao vidonge vya maumivu dukani wakavimeza mwezi baada ya mwezi. Vidonge hivyo huenda vikatuliza kiungo, lakini vingi katika hivyo haviusaidii moto wa mishipa ya fahamu, na vikitumiwa muda mrefu huchubua tumbo na kudhuru figo, na mwenye sukari figo zake tayari zi katika hatari. Wako wakandao nyayo zilizokufa ganzi kwa maji ya moto au kwa mchanga uliochomwa, ili, kama wasemavyo, damu itembee. Ngozi isiyohisi huiva kama nyama sufuriani, na mwenyewe ameketi anazungumza. Na wako wanaochanja chale katika mguu wenye sukari, wakafungua mlango ambao huenda usifungike tena. Mambo haya yaachwe.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi kwetu, kwa kuwa halifanywi na mganga bali na sisi wenyewe. Nalo ni kutomsadiki mgonjwa. Mguu uliovunjika una bendeji, kila mtu auona. Homa ina joto, mtu huweka mkono akaijua. Lakini moto wa nyayo hauonekani, na kifundo cha mkono kilichobanwa ni kizuri machoni. Basi mama aliyekuwa akikuna nazi, akikanda unga wa mahamri na kufua nguo za watu sita, siku mkono wake ukataapo huambiwa amekuwa mvivu. Kijana aangushaye chombo huambiwa hana makini. Mzee atembeaye kwa kuyumba, kwa kuwa haisikii ardhi chini ya nyayo zake, huchekwa barazani kuwa amelewa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi twalala vitandani mwetu salama, tukawahukumu wasiolala.

Bibi Aisha (R.A.) siku moja alilalamika kwa kuumwa na kichwa. Mtume (S.A.W.) hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia kuwa ni jambo dogo, alimjibu kuwa yeye naye kichwa kilikuwa kikimuuma. Na Uthman bin Abil Aas (R.A.) alimshtakia maumivu aliyokuwa nayo mwilini. Mtume alimsadiki kwa neno lake, akamfunza aweke mkono wake pale panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha aombe mara saba kinga kwa utukufu wake na uwezo wake na shari ya anachokipata na anachokiogopa. Imam Muslim ndiye aliyeitoa Hadithi hii. Basi dua hii ni ya kila mwenye kuumwa na kiungo, nasi twamnasihi asiiache.

Ama kujitibu, hiyo ni Sunna wala si upungufu wa tawakuli. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa waganga wawili, na Mtume akauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi katika utabibu. Hapa pana mafunzo: si kila ajiitaye tabibu ni wa kuendewa, bali hutafutwa ajuaye.

Mwenye dalili hizi na aende hospitali akapimwe sukari na damu yake. Aeleze yote mawili, kiungo kiumacho na mahali pasipohisi, wala asifiche moja kwa kuona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ataje dawa zote azitumiazo, hata za miti shamba. Katika wenye sukari wanaotegemea insulini, uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari yao kwa uangalifu walipungukiwa na maradhi ya mishipa ya fahamu kwa kadiri ya asilimia 60. Hii ni habari ya kushukuriwa. Kwa moto wa nyayo tabibu ana dawa zake makhsusi, nazo si zile za kuuma kwa kichwa. Kwa bega lililoganda ziko harakati za kulinyosha polepole, nazo huhitaji miezi wala si siku. Lakini yatupasa kusema kweli: mshipa wa fahamu uliokwisha kuharibika mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa. Dawa hupunguza na kuzuia, na kubaki hubaki kitu. Wengi katika wagonjwa hawa wataishi na maumivu yao. Basi ni lazima wajue jinsi ya kuishi nayo, na jinsi ya kumwabudu Mola wao nayo.

Na hapa yaonekana rehema ya sharia yetu. Matabibu wa leo humwambia mwenye ganzi aitazame miguu yake kila siku, juu na chini na baina ya vidole. Sisi tumeamrishwa udhu, na katika udhu mna kuosha miguu mpaka vifundoni. Na Mtume (S.A.W.) alimfunza Laqit bin Sabira (R.A.) kuukamilisha udhu na kupitisha vidole baina ya vidole. Mwenye kutawadha kwa kila sala tano ana nafasi tano kila siku za kuiona miguu yake. Asioshe kwa haraka, naye akitazama upande mwingine. Apitishe kidole baina ya vidole, atazame kama pana mchubuko, lengelenge, au pahali palipobadilika rangi. Akiwa hawezi kuinama na kuona unyayo, atumie kioo, au amwite mwanawe amtazamie. Akiona jeraha, hata dogo, aende akatibiwe siku hiyo hiyo.

Kisha akaushe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni bora mtu asijifute maji baada ya kutawadha, isipokuwa akiwa na udhuru. Na huu ni udhuru. Maji yakibaki baina ya vidole vya mwenye sukari huozesha ngozi. Basi mwenye maradhi haya na ajifute kwa kitambaa laini, wala asione kuwa ameacha fadhila. Maji ya baridi yakizidisha maumivu ya viungo vyake, na ayapashe moto kidogo, lakini asiyapime kwa mguu usiohisi. Apime kwa kiwiko, au ampimie mwingine. Akiwa mikono haiwezi, si makosa amiminiwe na mtu: Mughira bin Shuuba (R.A.) alimmiminia Mtume (S.A.W.) maji ya udhu. Na penye jeraha ambalo tabibu muaminifu amekataza lisiguswe na maji, ataosha palipo pazima, na sehemu iliyobaki ataitayammamia. Na pakiwa na bendeji isiyoweza kufunguliwa ataipaka maji juu yake. Hukumu hizi zina upambanuzi wake, basi na aulize.

Twasema na aulize, kwani pana kisa ambacho kila mwenye kufutu yampasa kukikumbuka. Jabir (R.A.) amesimulia, na Abu Daud akatoa, kwamba katika safari mtu mmoja alipigwa na jiwe kichwani akapasuka. Kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayammamu. Wakamwambia hana, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, akawalaumu kwa kutokuuliza jambo wasilolijua, na akabainisha kwamba kutokujua dawa yake ni kuuliza. Watu wale walikuwa wema, wala hawakukusudia shari. Walidhani kuikaza dini ni kuihifadhi. Basi tuogope, ndugu zetu, tunapomwambia mgonjwa kuwa hana rukhsa, tusije tukaandikwa katika watu wa namna hiyo.

Ama sala, Imran bin Husayn yule yule aliyetupokelea habari ya duara ya shaba alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya sala. Akaamrishwa asali kwa kusimama; asipoweza, kwa kukaa; asipoweza, kwa ubavu. Imam Bukhari ameitoa. Hapa pana mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, aliyeshindwa na nguzo moja haangukiwi na nguzo nyingine anayoiweza. Awezaye kusimama, lakini magoti na mikono yake haichukui sijida, atasimama katika kisimamo, kisha ataashiria rukuu na sijida kwa kadiri awezavyo, na kuinama kwa sijida kukizidi kule kwa rukuu. La pili, asiyeweza asijiumize kwa kuona haya. Ambaye bega lake halipandi katika takbiri na ainue mpaka linapofika. Hiyo ni sunna, na sala yake ni timamu. Ambaye kiganja chake hakigusi ardhi kwa maumivu, Mwenyezi Mungu ametubainishia mwishoni mwa Suratul Baqara kuwa haikalifishi nafsi ila iwezalo. Na Mtume ametubashiria kuwa mtu akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda naye ni mzima na mkaazi. Basi anayesali juu ya kiti kwa udhuru wa kweli, naye zamani alikuwa akisimama, asijione amepungukiwa.

Na ni mamoja katika saumu. Mwenye sukari na azungumze na tabibu wake kabla ya Ramadhani, sio katikati yake. Qur'ani imempa mgonjwa rukhsa, na rukhsa ni zawadi itokayo kwa Mola. Kuirudisha zawadi si adabu. Kadhalika mwenye kwenda Hija: nyayo zisizohisi zisitembezwe tupu juu ya njia za Makka na Mina wakati wa jua kali. Mwanamume katika ihramu ameruhusiwa makubadhi, basi na avae, na aichunguze miguu yake kila usiku.

Mgonjwa naye ana wajibu wake, nao ni subira. Lakini watu wamekosea maana ya subira, wakadhani ni kunyamaza na kukaa. Nabii Ayyub (A.S.), ambaye ni kigezo cha wenye kusubiri, alimlalamikia Mola wake dhara iliyompata, na hilo halikumtoa katika subira. Kisha Mola wake alimwamrisha aupige mguu wake ardhini, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Hata katika muujiza aliamrishwa atende kitu. Na wanahistoria wametaja habari ya Urwa bin Zubayr, mjukuu wa Sayyidna Abubakar kwa binti yake Asmaa, na mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Alikuwa safarini kwenda kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik huko Sham, mguu wake ukaingia donda lenye kula. Matabibu wakasema ukatwe kabla halijapanda juu, naye akaridhia ukakatwa. Katika safari hiyo hiyo alifiwa na mwanawe. Naye alimshukuru Mola wake kwa viungo na watoto aliomwachia. Huyo ni mwanachuoni mkubwa, na subira yake haikumzuia kulisikiliza neno la tabibu. Wangapi katika sisi wameukatalia ushauri kama huo, wakazikwa pamoja na mguu wao?

Sasa twarudi kwa yule mama asiyesadikiwa, kwani yeye ndiye aliyetusukuma kuandika. Mtume (S.A.W.) amewafananisha Waumini, kwa kupendana kwao na kuhurumiana kwao, na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikishtakia maumivu mwili wote huitikia kwa kukesha na homa. Mfano huu twausikia katika kila khutba. Lakini utazameni tena baada ya haya tuliyoyaeleza. Kiungo kikiumwa na mwili usiitikie, si dalili ya uzima. Ni dalili kuwa mishipa ya fahamu imekufa. Nyumba ambayo mtu mmoja hukesha kwa maumivu na wengine wakamwita mvivu, nyumba hiyo ina ganzi. Msikiti ambao mzee aliacha kuja kwa miezi mitatu na hapana aliyebisha hodi kwake, jamaa wa msikiti huo wana ganzi. Na tumekwisha kusema kuwa ganzi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa jeraha huendelea kuoza na mwenyewe hana habari.

Basi tuanze na yaliyo karibu. Mume na akune nazi yeye, au amnunulie mkewe iliyokwisha kukunwa, Mtume (S.A.W.) alikuwa katika huduma ya watu wa nyumbani kwake. Mwana na amtazamie babake nyayo kila usiku, kwani hiyo ni katika ihsani kwa wazazi. Wasimamizi wa misikiti na waweke viti vya wenye udhuru, na mikeka katika ua uchomwao na jua baina ya birika na mlango, na wasimkemee anayeingia na soksi safi, kwani Mtume mwenyewe alisali na viatu vyake. Mwajiri na ampe kazi nyingine yule ambaye mkono wake haushiki tena. Na kila mzima aonapo mwenzake amesimama kituoni na mfuko asioweza kuuinua, na auchukue mfuko huo ampandishie garini. Kiungo chake kizima kina sadaka siku hiyo, na hiyo ni sadaka yake.

Nawe mama uliyetuuliza pasina kuuliza: maumivu yako ni kweli, ijapokuwa hayaonekani. Mtume (S.A.W.) ametujulisha kuwa Muislamu hapatwi na taabu wala maradhi, hata mwiba umchomao, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo makosa yake. Nenda ukapimwe, wala usingoje ruhusa ya asiyekusadiki. Na waraka huu msomee aliye nyumbani.

Ewe Mola wetu, wewe ndiwe Mponyaji, hapana kuponya ila kuponya kwako. Waponye wagonjwa wetu, uwape subira wale ambao umewakadiria waishi na maradhi yao, na uzihuishe nyoyo zetu zisife ganzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.